Kupima msitu wa kando ya mto unavyobadilika

Ukisimama kando ya mto Kombeni, upande wa Rabai, msitu utauona ule ule wa mwaka jana. Jicho halioni mti ukinenepa milimita tatu. Ndiyo maana twapima. Vifaa vyote utavipata Mombasa mjini kwa asubuhi moja: kamba ya kupimia ya mita 50, futi ya fundi cherehani, misumari ya alumini, rangi, daftari na penseli. Wino ukilowa, siku yako imekwenda.

1. Omba ruhusa. Kwa mwenye shamba, au ofisi ya misitu. Karibu na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anza na wazee. Wakikwambia hapa hapapigiliwi msumari, basi hapapigiliwi.

2. Weka mstari usiohama. Usianze kupima ukingoni mwa maji, maana mto hula ukingo. Masika moja tu yaweza kukuharibia vipimo vyote. Anzia kwenye mwamba juu ya mteremko, ushuke hadi mtoni kwa ukanda wa mita 100, upana 10. Nondo usisimike: watu wa skrepu watazing'oa kabla hujarudi.

3. Pima kila mti wenye mzingo wa sentimita 31.4 au zaidi, yaani kipenyo cha 10. Simama upande wa juu wa mteremko, pima mita 1.3 kutoka chini, kisha chora mstari wa rangi pale pale futi ilipopita. Mti wenye mbawa za mizizi, panda juu ya mbawa ndipo upime, na uandike urefu huo. Kibandiko cha namba kipigilie sentimita 30 juu ya mstari, kwa sababu gome huvimba penye msumari. Mimi nilianza kwa kufunga waya. Niliporudi, mkuyu mmoja ulikuwa umeumeza waya wote, na namba ndani yake.

4. Rudi mwezi ule ule. Mimi huenda wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu. Gome lililonywa maji hukupa unene wa uongo. Mti uliokufa usiufute tu. Andika kama umekauka wima, umeng'oka au umekatwa. Kisiki chenye alama za shoka usikisingizie mafuriko.

5. Tenga waliokufa na walioingia. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme ulianza na miti 120, na baada ya miaka 5 una 123. Utasema msitu umetulia. Lakini kati ya ile 120 imebaki 108, na 15 ni mipya iliyofikisha kipimo. Gawanya 120 kwa 108, bonyeza ln kwenye kikokotoo, gawanya kwa 5: vifo ni karibu asilimia 2.1 kwa mwaka. Kisha tazama majina. Ikiwa waliokufa ni mikuyu na walioingia ni miarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, huo si msitu uliouacha.

Mafuriko makubwa yakipita, usingoje kaskazi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope hadi hori la Mwache, karibu na Mombasa, likafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa. Nenda maji yakishapungua, ukapime pia kina cha tope kwenye mashina.