Uzito, kilo au KG? Kuunganisha data za mialo bila kupoteza samaki

Kila mwisho wa mwezi napokea mafaili matatu ya Excel kutoka mialo mitatu (mwalo ni mahali boti zinaposhusha samaki) ya Ziwa Victoria: la Kirumba, la Igombe na la Nansio. Kirumba wanaandika `Uzito`, Igombe `kilo`, Nansio `KG ` yenye nafasi tupu baada ya G. Hiyo nafasi haionekani kwa macho, ila Python, lugha ya programu ninayotumia, inaiona.

Mara ya kwanza niliyaunganisha kama yalivyo. Pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, haikulalamika. `concat`, amri yake ya kuunganisha, ilinipa kolamu tatu za uzito, ikajaza NaN (alama ya thamani isiyopo) palipokosekana, na `sum` huziruka NaN kimya kimya. Jumla ya `Uzito` ikatoka safi kabisa. Kumbe ni samaki wa Kirumba peke yao, na ripoti nimeshaituma.

Hatua ya 1. Chukua karatasi, andika majina rasmi kabla hujafungua kompyuta. Mimi natumia `tarehe`, `mwalo`, `aina`, `uzito_kg`, `ndoo_dagaa`. Kipimo kikae ndani ya jina. Dagaa huhesabiwa kwa ndoo, na ndoo 40 zikiingia kwenye kolamu inayoitwa `uzito` zitasomwa kama kilo 40.

Hatua ya 2. Kila chanzo kipe kamusi yake, yaani orodha ya Python inayooanisha jina la zamani na jina rasmi. Kamusi moja ya wote inavutia, lakini itakunyima ulinzi wa hatua ya 3.

```
igombe = {"siku": "tarehe", "samaki": "aina",
          "kilo": "uzito_kg", "ndoo": "ndoo_dagaa"}
```

Hatua ya 3. Badilisha majina mlangoni, faili likishasomwa tu (`df` ni jedwali lililosomwa):

```
df.columns = df.columns.str.strip().str.lower()
df = df.rename(columns=igombe, errors="raise")
```

Usiache hiyo `errors="raise"`. Bila hiyo, mtu wa mwaloni akibadilisha `kilo` kuwa `kilogramu`, `rename` inapita kama haijaona kitu. Ukiiweka, programu inagoma palepale, nawe unampigia simu.

Hatua ya 4. Kamata kolamu ngeni, maana `raise` hulalamikia zilizokosekana tu:

```
ngeni = set(df.columns) - set(rasmi)
```

`rasmi` ni orodha ya ile karatasi. `ngeni` ikiwa na chochote, simamisha kazi. Mimi iliwahi kunionyesha kolamu `kilo.1`: mtu alirudia kichwa `kilo` mara mbili, na pandas ikakipa cha pili namba.

Hatua ya 5. Sasa unganisha, kisha angalia yaliyo ndani. `df["aina"].unique()` itakuonyesha `Sangara`, `sangara`, na ukipokea data za Kisumu, `mbuta`, ambaye ni sangara yuleyule. Dawa ni ileile: kamusi.

Kinachonisumbua bado ni saa. Daftari la mwalo likisema boti imefika saa 1, ni 07:00 au 19:00, na fomu ya simu inaandika 07:00 moja kwa moja. Kuongeza 6 kwa kolamu nzima kutaharibu zile za fomu. Nimeziacha kolamu mbili, `saa_daftari` na `saa_simu`, na mwandishi wa daftari nimemwomba aongeze neno moja tu: asubuhi au usiku.