Kumzoesha mwana-punda mkono na hatamu

Punda wengi hapa Lamu huijua kamba siku ile wanapotiwa kazini. Vijana watatu humkamata, mmoja masikio, mmoja mkia, wa tatu kamba, kisha anavutwa mpaka achoke. Atatulia, ila ametulia kwa kukata tamaa, na huyo ndiye atakayekurushia teke ukimtwika mchanga. Wanaosema fadhila ya punda ni mateke hawaulizi ni nani aliyemfundisha.

Njia ninayoifuata mimi inataka muda mfupi kila siku, kuanzia juma la kwanza. Kwa mwana-farasi hatua ni hizi hizi, isipokuwa farasi akiogopa hukimbia, na punda huganda. Kuganda huko watu hukuita ukaidi, halafu wanachukua fimbo.

1. Siku ya kwanza, mwache anyonye

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndiyo kinga yake, na tumbo lake huipokea vizuri katika saa za mwanzo tu. Tia iodini kitovuni, kisha ondoka. Zimepita saa tatu hajanyonya? Mwite daktari wa mifugo. Zahanati ya punda ya The Donkey Sanctuary iko papa hapa mjini.

2. Anza na mama

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Huko Ufaransa, utafiti uliochapishwa 2005 ulihusu farasi majike waliopigwa brashi taratibu na kulishwa kwa mkono, robo saa kwa siku, siku tano za mwanzo baada ya kuzaa. Watoto wenyewe hawakuguswa. Hata hivyo walikuja kuwa wepesi kumkaribia mtu kuliko wale ambao mama zao hawakushughulikiwa. Basi msugue mama, mpe majani, zungumza kwa sauti ya kawaida, na kwa mdogo jifanye hujamwona. Kama mama mwenyewe ni mwoga wa watu, maliza kazi kwake kwanza.

3. Mkono

Chuchumaa ubavuni mwa mama, upande wa bega la mtoto, usimwelekee usoni. Akija kukunusa, mwache anuse. Kisha mkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo punda hukunana wenyewe kwa meno. Ukiona mdomo wa juu unarefuka na kutikisika, umepata mahali penyewe.

Ondoa mkono kabla hajaondoka yeye. Kesho sogea shingoni, mgongoni, tumboni, masikio mwisho. Usimkumbatie, usimchezee pua, wala usimpe kitu kwa mkono: mtoto anayelishwa hivyo hujifunza kuuma vidole. Na akikupandia kwa miguu ya mbele, mzuie tangu leo. Mwana-punda mwenye wiki tatu akifanya hivyo watoto hucheka. Akiwa na miaka mitatu atamvunja mtu mbavu.

Miguu pia. Teremsha mkono toka begani mpaka ukwatoni, inua kidogo, ushushe mwenyewe kabla hajaunyang'anya.

4. Hatamu

Tumia mkanda laini au kamba bapa ya pamba. Kamba ya usumba inachuna ngozi, iache jahazini. Mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite chini yake. Ukishuka sana unabana pale penye nyama laini na kumziba pumzi.

Mwonyeshe, anuse. Pitisha kwanza kamba shingoni, kisha pua iingie, kisha funga nyuma ya masikio bila kuyakunja. Mkune kidogo, ivue. Usimwachie hatamu ukaenda zako, maana atajikuna kwa mguu wa nyuma na ukwato utanasa. Vipimo vikague kila wiki, kichwa chake kinakua upesi.

5. Kuongoza

Hapa ndipo kazi ilipo. Msaidizi atembee na mama mbele, wewe fuata na mtoto. Chukua kamba ya pili, izungushe nyuma ya mapaja yake, juu ya magoti ya nyuma, ncha zote uzishike mkononi. Hiyo ndiyo inayomsukuma mbele. Kamba ya hatamu ni ya kuonyesha njia tu, kwa sababu shingo ya mtoto ni laini na mvutano mkali unaweza kumuumiza mifupa yake.

Kaza kamba ya nyuma kidogo, ngoja. Akiinua mguu mmoja tu, legeza papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa, hajui amesifiwa kwa lipi. Akiganda usizidishe nguvu: mvute polepole kichwa upande, si mbele, mpaka apoteze uthabiti na ahamishe mguu. Umelegeza? Mkune. Hatua tatu nzuri zinatosha kwa siku moja. Baadaye mtembeze vichochoroni pamoja na mama, wakati wa utulivu, kabla hujampeleka kwenye mikokoteni na pikipiki.

6. Kufunga

Mtoto asiyefuata kamba asifungwe. Akishafuata, zungusha kamba nguzoni mara moja bila fundo na ushike ncha. Akivuta, mpe, kisha mrudishe taratibu. Akizoea, funga fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kimo cha mabega yake au juu zaidi, kamba fupi, mama akiwa karibu, na wewe ukiwa papo hapo.

Kunyonya asiachishwe kabla ya miezi sita, na aachishwe akiwa na punda mwenzake anayemjua. Mzigo usubiri mpaka miaka minne, kwani mifupa ya mgongo huchelewa kukomaa. Katika miaka hiyo mvishe soji tupu (mfuko wa mizigo wa mgongoni) mara kwa mara, umtembeze nayo sokoni, umvue.