Boti ya Mawimbi Iliyotumika: Maandalizi Kabla ya Kuishusha Majini Mara ya Kwanza

Boti ya mawimbi imeundwa makusudi izame kiasi nyuma na kuacha wimbi refu, ili mtu aliyesimama juu ya ubao apate pa kutelezea akivutwa kwa kamba. Injini yake imo ndani ya chombo, rafadha yake, yaani panga linalozunguka na kuisukuma boti, iko chini ya boti badala ya kuchomoza nyuma, na matangi yake ya farumi hujazwa maji ili kuongeza uzito. Mtu anayenunua boti ya namna hii ikiwa imekwisha kutumika, naye hajawahi kuendesha chombo chochote, hushawishika kuwaalika jamaa na mbao zao siku ileile ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba siku hiyo iachiwe boti yenyewe: farumi tupu, watu wawili au watatu, na asiwepo wa kuvutwa.

Kazi huanzia nchi kavu, na huanzia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe, kisha ukichomoe tena na utazame rangi. Oili iliyochakaa huwa nyeusi, na hilo si la kutisha, lakini ikiwa imegeuka kuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini na safari haipo mpaka fundi aone yameingilia wapi. Katika nchi zenye baridi kali chanzo chake mara nyingi ni maji yaliyoachwa ndani ya injini yakaganda na kupasua chuma. Itazame vilevile oili ya gia, ambayo wengi huisahau. Ikinuka kama kitu kilichoungua, kuna mahali panaposagika. Hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba oili ilibadilishwa juzi, ibadilishe pamoja na kichujio chake, kwa kuwa ndipo utakapokuwa na tarehe na saa za injini, yaani jumla ya saa ilizofanya kazi, unazoziamini mwenyewe.

Kisha fungua pampu ya maji ya kupozea. Ndani yake mna impela, yaani gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ambalo huvuta maji ya ziwa au bahari na kuyapeleka kwenye injini. Ishike mkononi na uyapinde mabawa yake moja moja kwa kidole gumba. Mpira mzima hurudi mahali pake mara moja, ilhali uliozeeka hubaki umejikunja au huonyesha mpasuko mwembamba kwenye shina la bawa. Yangu ilikuwa na mabawa mawili pungufu, na kuweka impela mpya lilikuwa jambo la nusu saa. Kilichochukua mchana mzima ni kuvitafuta vile vipande viwili, kwa sababu kipande kilichokatika hakipotei bali husukumwa mbele hadi kwenye kipozeo na kuziba njia ya maji. Usiiache impela mpya izunguke bila maji, kwani mpira hutegemea maji kwa ulaini wake na huharibika kwa muda mfupi sana. Ukitaka kuwasha injini boti ikiwa bado juu ya trela, unganisha kwanza mpira wa maji wa bustani kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na ufungulie maji kabla ya kugusa ufunguo.

Kabla ya ufunguo huo liko jambo jingine ambalo dereva wa gari hana mazoea nalo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, ambako cheche moja inatosha kuuwasha. Kila mara, na hasa baada ya kujaza mafuta, inua kifuniko cha injini, nusa, kisha washa feni ya kutolea mvuke na uiache izunguke kwa dakika 4 nzima kabla ya kuwasha injini. Ukinusa petroli, usiwashe hata taa. Fuatisha mipira ya mafuta kwa mkono kutoka tangi hadi injini. Uliokauka, uliopasuka au unaonata ubadilishwe, na petroli iliyokaa miezi mingi iondolewe. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu tu.

Ukiwa bado chini ya boti, shika rafadha na uitikise juu na chini. Mchezo mdogo sana unaruhusiwa, lakini ikigonga, beringi ya shafti imekwisha. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa kila bawa, maana pengo unalolihisi kidoleni hugeuka kuwa mtetemo mwili mzima boti inaposhika kasi. Usukani uzungushwe kutoka mwisho mmoja hadi wa pili na mtu wa pili atazame kama bapa lake, lile la chini ya boti linaloigeuza, linafuata bila kusita.

Vifaa vya usalama havihitaji maneno mengi: jaketi la kuokolea maisha linalomkaa kila mmoja sawasawa, kizima moto ambacho muda wake haujapita, filimbi, nanga na kamba yake, kasia, na ile kamba fupi ya kuzimia injini ambayo dereva hujifunga nayo. Ijaribu ukiwa nchi kavu: ivute, injini izimike. Trela nalo likaguliwe tairi, beringi na taa.

Majini, kosa la kawaida kuliko yote ni kusahau nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji. Boti ya mawimbi huweza kuwa na zaidi ya kimoja, kwa hiyo vihesabu na uvikaze kwa mkono wako. Rudisha trela taratibu mpaka boti ianze kuelea, lakini usiifungue bado. Inua kifuniko, mulika ngama kwa tochi, na usubiri dakika kadhaa. Matone machache pale shafti inapopenya kutoka nje huwa ya kawaida katika boti zenye ufungaji wa kizamani; mchirizi usiokoma si wa kawaida, na trela bado liko chini yako kukuokoa.

Injini ikiwaka, macho yakae kwenye vipimo. Joto hupanda na kutulia, kwa injini nyingi kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi. Likiendelea kupanda, zima na urudi kwenye ile pampu. Tafuta mahali pa wazi, mbali na waogeleaji, ujifunze tabia za chombo. Utagundua kwamba boti hii haigeuki vizuri isipokuwa rafadha inasukuma maji kwenye bapa la usukani, na kwamba ikirudi nyuma hujivuta upande mmoja hata ukishika usukani vipi. Ukishajua ni upande upi, ulenge gati kwa upande huo na itajilaza yenyewe.

Mwisho wa siku hiyo jaza tangi moja la farumi huku mtu akitazama ngama, kisha la pili, ukisikiliza pampu na kugusa maungio ya mipira. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, nayo huhesabiwa pamoja na watu na mizigo dhidi ya kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha chombo. Yamwage yote kabla ya kupandisha boti, kwa kuwa trela halikutengenezwa kubeba uzito huo.

Siku ya mbao ikifika, anayeanza avutwe kwa kamba fupi ya mita 15 hivi na mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa saa, akiwepo mtu wa pili anayemtazama yeye tu. Akianguka, mwendee polepole kwa upande wa dereva usimpoteze machoni, na injini izimwe kabla hajashika ngazi. Asikae mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikinguruma, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Boti ikisharudi kwenye trela, fungua nguruzi na uyatazame maji yanayotoka: yakiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, kuna oili au mafuta yanayovuja. Kama ulikuwa baharini, suuza injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Asubuhi yake, injini ikiwa imepoa, chomoa tena kile kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa cheupe, na uandike daftarini ulichokiona pamoja na saa za injini.