Limau kwenye maharage, chai isubiri

Hili nimeelekezwa kliniki ya wajawazito, na linamfaa yeyote ambaye damu yake hupungua na mboga yake ya kila siku ni maharage, kunde au mchicha. Ukishapakua, kamulia nusu limau kwenye sahani, na chai iache isubiri kama saa moja. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, na yale ya kwenye mboga na maharage hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama au dagaa. Vitamini C huyasaidia kupita utumboni, lakini tanini ya chai, ileile inayoacha ukakasi ulimini na doa la kahawia kikombeni, huyashika yasipite. Chai ya maziwa nayo ni vilevile. Limau usilichemshe sufuriani, moto huharibu vitamini C. Huna limau? Kula chungwa, embe au pera; pera ndilo lenye vitamini C nyingi zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo aache limau, atafute pera bivu au papai. Na kama damu inapungua kwa sababu ya minyoo, malaria au hedhi nzito, limau halitatosha: kapime, na vidonge ulivyoandikiwa usiviache.