Somo: Kuandika mpelelezi wa kike asiye na cheo, London ya Malkia Victoria

Hadithi nyingi za aina hii zinakwama mahali pamoja: mwanamke anaingia kituo cha polisi, anauliza kuhusu mauaji, anajibiwa. Nani amjibu? Askari wote ni wanaume na yeye hana cheo. Kabla hujaandika chochote jiulize taarifa ataipatia wapi.

Hatua ya 1: Chagua mwaka
Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na mji ulibadilika sana humo katikati. Kitengo cha wapelelezi wa polisi kilianza 1842, treni ya chini ya ardhi 1863. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ilianza 1901, malkia akiwa ameshafariki, kwa hiyo ile sura ya alama kwenye glasi ifute. Mimi napenda miaka ya mwanzo ya 1880. Sheria ya 1882 ilimruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe, na mume mwenye madeni akisikia hivyo, umeshapata sababu ya kuua.

Hatua ya 2: Mpe kazi inayomfungulia milango
Binti wa tajiri anasumbua, maana hatoki bila mtu wa kumsindikiza. Mjane ana nafasi zaidi. Ila chaguo langu ni fundi cherehani. Anaingia hadi chumbani kwa bibi mwenye nyumba, anapita mlango wa jikoni, anaongea na watumishi. Anajua gauni la nani limeachiwa kiunoni mwezi uliopita, na nani ameagiza nguo nyeusi za msiba kabla mgonjwa hajakata roho.

Hatua ya 3: Kifo chenyewe
Tumia sumu ya aseniki. Sheria ya 1851 ilimtaka muuzaji wa sumu hiyo, kama mwenye duka la dawa, aandike kwenye daftari jina la mnunuzi na matumizi, na mnunuzi atie saini. Fundi wako aagize dawa ya kikohozi, na wakati muuzaji anachanganya, daftari liko wazi kaunta. Muuaji mjanja atakwepa daftari kwa kuloweka karatasi za kuulia nzi, zilizokuwa na sumu hiyo hiyo. Katika kesi ya Florence Maybrick, mke aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa sumu, Liverpool 1889, watumishi ndio walioziona zikiwa zimelowekwa. Kipimo cha kugundua aseniki mwilini kilikuwepo tangu 1836.

Hatua ya 4: Mlango wa wazi
Uchunguzi wa kifo ulifanyika hadharani, mara nyingi kwenye baa ya jirani. Akae nyuma, asikilize. Wosia nao, tangu 1858, mtu yeyote aliweza kuusoma kwa kulipa shilingi moja. Na ukungu, jamani, utumie mara moja tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, anaweza kuingia kwenye jopo la mahakama, lile la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia?
Jibu: Hapana, wanawake waliruhusiwa kwa sheria ya 1919. Shahidi anaweza kuwa. Cha kukufaa zaidi ni hiki: kabla ya 1898 mshtakiwa wa mauaji hakuruhusiwa kujitetea kwa kiapo. Mweke kizimbani mtu asiye na hatia, mdomo umefungwa, fundi akihangaika nje.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nataka kumwingiza mtu wa Zanzibar, nitakuwa nimedanganya?
Jibu: Marahaba. Hujadanganya ukichagua 1875. Sultani Barghash alizuru London mwaka huo, na dada yake Salme, aliyekuwa akiishi Ujerumani, alikwenda London akitaka kuonana naye. Msafara wa sultani una watumishi, na watumishi wana nguo za kushonwa.

Swali: Dada, mwishoni amkamate muuaji mwenyewe?
Jibu: Amkamate kwa mamlaka gani? Ampelekee inspekta ushahidi ambao hawezi kuukataa: saini ya daftarini ikilingana na ya kwenye bili ya gauni. Inspekta achukue sifa magazetini. Fundi adai bili yake ilipwe.