Shamba darasa juu ya mawe: namna ya kufundishana kulima mboga Goma

Mtu akinijia kusema anataka kuanzisha shamba darasa, yaani shamba la kujifunzia pamoja, mtaani kwake hapa Goma, mashariki mwa Kongo, simuulizi kama ana jembe. Namuuliza: barabara ya Sake, inayotuletea chakula kutoka magharibi, ikifungwa leo, kitakachoisha kwanza sokoni kwenu ni nini? Wengi hujibu unga. Hapana. Unga na maharagi hukaa kwenye magunia majuma mengi. Bei itapanda na tutalalamika, ila vitakuwepo. Kinachoisha kesho yake ni majani: shu (kabichi) za Kibumba, lengalenga (mchicha), puaro (liki), sombe (kisamvu). Mboga haijui kungoja barabara ifunguliwe.

Kwa hiyo sifundishi watu wa Goma kulima kila kitu. Viazi na maharagi ni kazi ya watu wa Masisi na Rutshuru, wenye ardhi ya kutosha, na amani ikiwepo wanaiweza vizuri kuliko sisi. Parseli (kiwanja) ya mjini, yenye mawe kuliko udongo, haitajaza sufuria ya ugali ya nyumba ya watu wanane. Itawapa mboga karibu kila juma, mbegu za msimu ujao, na ujuzi ambao mtu anahama nao. Mwalimu anayeahidi zaidi ya hapo atabaki na jembe lake peke yake kabla ya mavuno ya pili.

Somo la kwanza liwe sokoni

Kabla ya kugusa udongo, wapeleke wanafunzi soko la Virunga au Kituku, wawili wawili. Kila jozi ichague vyakula vitatu na kuuliza mama muuzaji maswali matatu: kimetoka wapi, kimepita njia gani, kinakaa siku ngapi kabla ya kuharibika. Wanunue chochote, hata fungu dogo la vitunguu. Mama wa soko hakai kujibu maswali ya mtu asiyenunua, na ana haki.

Mkirudi, chora ramani kwa makala (mkaa) juu ya gunia la zamani lililopasuliwa. Goma katikati, ziwa Kivu chini, na kila chakula na mstari wake. Mtaona mistari mingi inapita sehemu chache tu: Sake, barabara ya Rutshuru, ziwa, na mpaka wa Gisenyi, Rwanda. Darasa likifika hapo huwa linanyamaza, kwa sababu kila mmoja anakumbuka. Mwaka 2024 barabara ya Minova ilipokatika, watu na mizigo vilihamia ziwani, na mwezi wa kumi mwaka ule boti lililojaa kupita kiasi likazama karibu na Kituku likitokea Minova. Walikufa watu wengi. Sisemi hayo ili kutia watu hofu. Nasema kwa sababu mstari ule kwenye gunia ni watu waliopanda boti pamoja na mizigo yao.

Baada ya hapo waulize: katika vyakula hivi, kipi kinaoza haraka, kinakua haraka, na kinaweza kuota hapa kwetu? Orodha itakuwa fupi, na ndiyo mtaala wenu wa msimu mzima. Kwetu huwa ni lengalenga, matembele, puaro, majani ya maboga, na sombe kwa mwenye nafasi. Shu tunaiotesha pia kwa sababu watu wanaipenda, ila mbegu yake mtaendelea kununua. Hapa kwetu haitoi mbegu kirahisi, kwa hiyo msiihesabu kwenye akiba.

Mahali

Tafuteni parseli ambayo mwenyewe yupo na amekubali mbele ya shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), kwa maandishi, angalau kwa msimu mzima. Nimeona kiwanja kikisafishwa na kikundi cha akina mama, mawe yakatolewa, udongo ukaletwa, kisha mwenyewe akakumbuka kwamba alitaka kujenga. Karatasi haizuii mtu kukumbuka, lakini inampa aibu kidogo.

Upande wa Keshero, Bulengo na Mugunga, uliza wenyeji kwanza kuhusu mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haina rangi. Kuku na mbuzi hufa kabla ya watu kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi, na mtu anayepalilia ameinama, au mtoto aliyechuchumaa, yuko karibu nayo vilevile. Ukiona kwenye bonde dogo panya, ndege au wadudu waliokufa bila sababu, hapo si pa kulima, hata pawe na udongo mzuri namna gani. Kwa sababu hiyo hiyo sisi hatuchimbi mashimo ya mboji. Tunarundika juu ya ardhi.

Katika mitaa iliyopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, msipoteze nguvu kupiga mtarimbo. Mawe yenyewe yapangeni ukuta wa kufika magotini, upana ambao mtu anafikia katikati bila kukanyaga ndani, kisha jazeni udongo. Udongo tunaununua kwa magunia na kuuleta kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), kwa hiyo unapimwa kama unga: makarai mawili ya udongo, karai moja la samadi iliyooza au mboji. Samadi mbichi inaunguza miche. Wasiofuga mbuzi wana simbiliki (wanyama wadogo kama sungura) jikoni, na mavi ya simbiliki yakichanganywa na maganda ya ndizi, ya viazi na ya maharagi hufanya mboji nzuri sana. Panga kwa tabaka, kavu kisha bichi, mwagia maji kidogo, chomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache ukichomoa kijiti kiwe cha moto. Kikiwa baridi, rundo ni kavu mno au halina kibichi cha kutosha. Geuza kila baada ya majuma mawili au matatu, na mkononi ikifika kunuka udongo wa mvua badala ya kuoza, imeiva.

Asiye na nafasi hata ya kitanda atumie gunia. Simamisha gunia, weka katikati mkebe mkubwa uliotobolewa chini na juu, ujaze mawe madogo ya lava, kisha jaza udongo kuzunguka mkebe. Vuta mkebe juu, jaza mawe tena, ongeza udongo, endelea hadi juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati ya gunia, na maji unamwaga hapo, siyo juu ya udongo, ili yafike hadi chini. Toboa pande zote kwa kupishanisha, panda miche ya lengalenga kwenye matundu, na puaro juu. Maji yakianza kutoka chini ya gunia, umezidisha, na kwa bei ya bidoni (dumu) ya maji mjini humu hiyo ni pesa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni hapana.

Jambo moja kuhusu volkano: Nyiragongo ikitoa moshi na majivu, mvua hushuka nayo kwenye mabati na kwenye majani. Ukikinga maji ya bati, acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Majani yenye vumbi jeusi yasuuzwe shambani yangali yamesimama, na yaoshwe tena jikoni.

Kufundisha bila kujibu

Hapa ndipo walimu wengi tunaposhindwa, hasa sisi tuliotoka kwenye ubao na chaki. Shamba darasa haliendi kwa hotuba. Njia yenyewe ilianzia kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Wakulima kule walikuwa wanapiga dawa nyingi, dawa inaua pia wadudu wanaokula wadudu waharibifu, na waharibifu wanarudi kwa wingi zaidi. Wakulima walifundishwa kuingia shambani kila juma, kutazama, na kuamua wenyewe. Nguvu ya njia hii ni hiyo tu.

Watu 20 hadi 25 wanatosha. Gawa makundi ya watano. Kila kundi lipewe vitanda viwili vyenye mbegu ile ile, siku ile ile, maji yale yale, tofauti moja tu: hiki kina mboji, kile hakina; hiki kimefunikwa nyasi kavu, kile kiko wazi; hiki kimepandwa kwa nafasi, kile kimebanana. Tofauti moja. Wakiweka mbili, mwisho wa msimu watabishana hadi usiku na hakuna atakayejua kilichofanya kazi ni kipi.

Kila juma, siku ile ile, watazame kabla ya kusema. Wachague mimea mitano kwa kila kitanda, wahesabu majani, wageuze majani chini, waandike wadudu waliowaona, kisha wachore mmea kwenye karatasi kubwa: wadudu waharibifu kushoto, rafiki kulia. Halafu wasimame mbele ya wenzao, waseme wataufanyia nini mmea huu juma hili, na kwa nini. Asiyejua kusoma anachora, na mara nyingi ndiye anayechora vizuri, maana amezoea kutazama.

Mtu akikuletea mdudu na kuuliza "Mwalimu, huyu ni nani?", usimpe jina. Muulize: umemkuta wapi? Alikuwa anakula nini? Alikuwa peke yake? Mwanzoni watakuona una maringo. Mama mmoja wa Ndosho aliwahi kuniambia wazi kwamba kama sijui nimwambie tu. Nikampa chupa ya plastiki, nikamwomba aweke tawi lenye vidukari pamoja na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi aliyetaka kumponda, afunge mdomo wa chupa kwa kitambaa, alale nayo nyumbani. Kesho yake vidukari vilikuwa vimepungua na yeye alikuwa amekwisha kuita majirani. Jina la mdudu angelisahau. Hili hatalisahau, na sasa ananisumbua mimi kila nikikaribia kumkanyaga mmoja.

Dawa za chupa zisizo na karatasi, zinazopimwa kwa kifuniko cha soda, zisiingie shambani. Lengalenga inakaa bustanini majuma matatu au manne tu, na tunakula jani lenyewe. Dawa haina muda wa kuisha.

Wakati wa kukutana: Jumamosi asubuhi kuna salongo (kazi ya pamoja ya usafi), siku nyingine akina mama wako sokoni, kwa hiyo alasiri. Somo liwe la muda wa saa moja na nusu, lisizidi. Anza na lengalenga kabla ya zao lolote, ili watu wapeleke kitu nyumbani ndani ya mwezi wa kwanza. Mume anayeuliza "mnakwenda kufanya nini kule?" hujibiwa na sufuria.

Pesa za darasa zikae kama likelemba (mchango wa kikundi), kidogo kidogo, na daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi. Shirika likija kutaka kusaidia, liombeni mfereji wa bati, pipa na bidoni. Mbegu za pakiti za bure zikubalini kwa adabu, ila msizijengee darasa, maana msimu pakiti zisipokuja watu wanakaa kuzingoja.

Mbegu

Desturi yetu mbaya ni kula mmea mzuri na kuacha uliodumaa utoe mbegu. Katika juma la pili au la tatu, kila kundi lichague mimea yake bora na kuifunga uzi mwekundu. Mmea wenye uzi hauvunwi, hata mgeni aje. Lengalenga ya porini iliyo karibu ng'oeni kabla haijachanua, isichanganyike na yenu. Kichwa kikianza kukauka na mbegu zikidondoka ukikigusa, kikate asubuhi, kikaushe kivulini juu ya kitambaa, kisugue, pepeta. Maharagi ya mbegu changanya na majivu makavu ya jikoni yaliyochekechwa, fukusi hawapendi. Vipando vya sombe chukueni kwenye shina lenye majani yaliyonyooka. Yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano yana ugonjwa, na ugonjwa unahama na kipando.

Mbegu zikopeshwe: kikopo kimoja unachukua, viwili unarudisha msimu ukiisha. Asiyeweza kurudisha aeleze mbele ya wote. Mara nyingi wenzake watamjazia.

Lakini msiweke akiba yote nyumba moja. Mwezi wa tano 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji kuhama, na watu wakakimbilia Sake, Minova, Bukavu, Rwanda, wakiwa na walichoweza kubeba. Januari 2025 vita vilipofika mjini, wengine hawakubeba kitu. Kwa hiyo kila mwanafunzi awe na chupa yake ndogo, ya nusu lita, kavu kabisa, yenye mbegu za mazao matatu na jina la zao na mwezi wa mavuno vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika. Chupa nyingine ikae kwa ndugu aliye nje ya mji. Orodha ya nani ana mbegu gani iandikwe nakala mbili: moja kwa mwenye daftari, nyingine kwa mtu anayekaa avenyu tofauti. Kila mwanzo wa msimu hesabuni chupa, jaribuni mbegu kumi kutoka kila moja juu ya kitambaa chenye unyevu, na zikiota chini ya saba, hiyo chupa ipandwe yote sasa hivi na ijazwe upya.