Mtoto akinywa dawa ya kidonda

Mwanangu alikuwa na miaka 3. Hapa Kadutu, Bukavu, dawa nyingi tunapimiwa kidogo kidogo, bila chupa yake, na mimi nilikuwa nimepimiwa maji ya oksijeni (hydrogen peroxide) kwenye kichupa cha maji ya kunywa, kwa ajili ya kidonda cha baba yake. Nilikiacha dirishani. Nilipogeuka kutoka mekoni, povu jeupe lilikuwa linamtoka mdomoni na puani, tumbo limevimba kama ngoma.

Jirani akaja mbio na kikombe cha mafuta ya mawese. Mama mkwe akataka kumtia kidole kooni atapike. Wote wawili walikuwa na uchungu wa mtoto, lakini wamama wenzangu, hayo yakataeni. Dawa iliyochoma koo ikishuka hulichoma tena ikipanda, na povu au mafuta yakiingia mapafuni, mtakuwa na shida mbili.

Mpanguseni mdomo kwa kitambaa safi, na kama anajua kutema, asukutue kwa maji. Nguo iliyolowa mvueni, ngozi muioshe. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni funda moja au mbili za maji, basi. Akiwa amelegea, msimpe kitu chochote: mlazeni ubavu, matapishi yasimpalie. Kisha kituo cha afya, saa ileile, hata kama ameanza kucheza.

Na chupa mwende nayo! Mimi niliisahau. Muuguzi aliniuliza mara tatu: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi? Yale maji yakiandikwa "10 volumes" ni ya asilimia 3, na mililita 1 hutoa karibu mililita 10 za gesi. Ndiyo iliyomjaza tumbo. Ya saluni, ya kugeuza rangi ya nywele, huwa makali zaidi. Dawa nyingine za vidonda nazo zina hatari yake. Alkoli ikinywewa hushusha sukari ya damu: mtoto anasinzia, nanyi mnadhani amechoka tu. Punje za zambarau za pamanganeti huchoma mdomo na kuacha madoa ya kahawia.

Tulilala pale usiku mmoja. Asubuhi akaomba uji, nikalia.

Siku hizi nanunua chupa yenye karatasi yake, hata bei ikipanda. Inakaa ndani ya sanduku la nguo, na ufunguo nauvaa shingoni.